Bafta Iliyopasuliwa kwa Mkono

Nianze kwa kujisifu, maana bila hivyo kisa hiki hakitaeleweka. Nilikuwa na mkono mwema wa sindano. Huko Tabora nilikozaliwa, kofia za viua nilizodarizi mimi zilivaliwa msikitini siku ya Idi, na watu wakawa wanazitazama hata ndani ya safu za sala, Mungu awasamehe. Baba yangu, mtu wa asili ya Bagamoyo, alikuwa akiwaambia wageni kwamba binti yake hashoni, anaandika. Mtoto akisifiwa hivyo kila siku huharibika. Nikakua nikiamini kwamba hakuna nguo ambayo mkono wangu ukiigusa haitazidi kupendeza.

Leo hata uzi siwezi kutunga. Asubuhi wajukuu hunitungia sindano kumi na kuzichoma kwenye kijimto cha pamba, nami hushona mpaka nyuzi zote ziishe, kisha hukaa nikiwangoja warudi. Ni katika kungoja huko ndipo mawazo yangu hurudi kwenye baraza ya Bi Mkubwa, Alhamisi baada ya adhuhuri, zamani zile kabla ya vita vya Mdachi na Mwingereza. Nikikumbuka naumia, lakini ni maumivu ninayoyapenda, na sitaki yaniishe.

Niliolewa na mfanyabiashara aliyekuwa na duka Karagwe, karibu na Ndama. Aliuza kaniki, merikani, chumvi na shanga. Nilifika huko na sanduku moja la nguo na moyo uliojaa dharau. Habari za ng'ombe wa Karagwe nilikuwa nimeambiwa, na za migomba yake pia, lakini hakuna aliyenitajia baridi. Ukungu uliingia ndani ya nyumba bila hodi, ukakaa mpaka jua lipande, na mimi nimejifunika mfarishi wangu wa harusi, kanga mbili na juu yake kanzu ya mume wangu. Nililia wiki mbili nzima. Mume wangu, masikini, alidhani nalilia kwetu, kumbe nalilia miguu yangu.

Wiki ya tatu Bi Mkubwa akaniita. Huyu alikuwa mjane, mwanamke wa pwani aliyekuja bara na msafara wa mumewe siku za biashara ya pembe, na kwa wake wote wa wafanyabiashara pale yeye ndiye aliyekuwa mama, shangazi na kadhi. Alikuwa mrefu, mkavu, mpenda ugoro, na maneno yake hayakuwa na sukari. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanishika vidole, akavigeuza huku na huku.

"Nasikia unajua kushona," akasema.

"Najua," nikajibu, wala sikusema "kidogo" kama inavyompasa mtu mwenye adabu.

"Basi Alhamisi uje na sindano yako."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika chama chao. Walikuwa wanawake kama tisa, wake wa wafanyabiashara, mmoja Mmanyema, wawili Wanyamwezi, wengine damu ya pwani kama mimi. Kila Alhamisi walikaa juu ya mikeka barazani kwa Bi Mkubwa wakashona mifarishi ya watoto wachanga, kwa ajili ya kina mama wasio na kitu. Hawakuuliza kabila wala dini. Ukija mtu na habari kwamba mahali fulani kuna mzazi maskini, mfarishi ulipelekwa, na aliyeupeleka hakungoja shukrani.

Kisa cha Bi Mkubwa kuanzisha kazi hiyo alinisimulia yule mke wa Kimanyema. Alipofika Karagwe mara ya kwanza, Bi Mkubwa alikuwa na mtoto wa kiume wa miezi miwili mgongoni. Hawakuijua baridi ile, wakamlaza mtoto kama walivyokuwa wakimlaza pwani, na kanga moja. Kichomi kikamshika kifuani, siku ya nne akafa. Bi Mkubwa hakujaliwa mwingine. Jambo hilo hakulitaja hata siku moja mbele yetu, na sisi tulijifanya hatulijui.

Mfarishi wetu ulikuwa na matabaka matatu. Juu ni viraka vya rangi, vipande vya kaniki, vya kanga zilizochakaa, vya mapindo ya nguo za dukani. Chini ni bitana, nguo nyeupe laini itakayogusa mwili wa mtoto. Katikati, kwa kuwa pamba hatukuwa nayo, tulitia rubugo, ile nguo ya gome la mti wanayoivaa Wanyambo. Sio mpya, maana mpya ina ukakamavu, bali ile iliyovaliwa miaka mingi ikalainika. Rubugo tuliletewa na mke wa mpiga rubugo, mwanamke wa Kinyambo mzaliwa wa Nyakatuntu, aliyeolewa kwenye kibanja, shamba la migomba lililokuwa bondeni chini yetu. Yeye peke yake hakuwa Mwislamu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini sindano aliijua upesi, na Bi Mkubwa alimpa nafasi mkekani karibu yake.

Mfarishi wangu wa kwanza pale barazani niliudarizi maua pande zote, mekundu na ya manjano, yale yale yaliyonipa sifa Tabora. Wenzangu wakashangilia. Bi Mkubwa akauchukua, akafumba macho, akaupitisha shavuni mwake taratibu, toka pindo hadi pindo. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya baraza ile. Kila mfarishi ulipitishwa shavuni, kwa sababu mtoto mchanga hulala kwa shavu, na fundo lolote la uzi lilipaswa kufichwa ndani.

"Unakwaruza," akasema. "Umemshonea mtoto au umetushonea sisi?"

Wenzangu wakacheka. Maua yangu yote niliyafumua siku ile ile, mbele yao, machozi yakinilenga, nikaapa kimoyomoyo kwamba nitamwonyesha. Na kweli nilimwonyesha, Mungu anisamehe.

Bi Mkubwa alikuwa na sanda yake. Mumewe alipojaliwa kwenda kuhiji alirudi na kipande cha bafta nyeupe alichokichovya mwenyewe katika maji ya zamzam, akamwambia mkewe, hii ni yako, mimi ya kwangu nakaribia kuitumia. Maana yeye alirudi mgonjwa na sanda yake ilimfaa baada ya miezi michache tu. Bi Mkubwa akaiweka yake sandukuni pamoja na karafuu maiti, na mara moja kwa mwaka, mvua zikipungua, aliianika juani pamoja na nguo nyingine za sandukuni. Wenzangu walilijua hilo kwa kusikia, ingawa sanda yenyewe hawakuwahi kuishika. Mimi nilikuwa mgeni, sikuambiwa, na sikuwa mtu wa kuuliza.

Siku moja, mwaka wangu wa pili, niliwahi kufika barazani kabla ya wenzangu. Bi Mkubwa alikuwa ndani akisali. Kambani kulikuwa na nguo zimeanikwa, na mara hiyo mvua ikaanza kudondoka bila kutoa taarifa, kama ilivyo desturi ya mvua ya kule. Nikazianua zote mbio mbio, nikazitupa barazani palipokuwa na kapu la vitambaa vya sadaka. Wenzangu walipokuja tukapanga, zile kanga zikarudishwa ndani, na kile kipande cheupe kikabaki kapuni. Siku ile ndiyo tulikuwa na haraka. Kanoni kulikuwa na mama aliyejifungua kabla ya miezi kutimia, na mumewe alichukuliwa kubeba mizigo ya safari ya Mdachi na hakurudi. Nikasema bitana nitaishona mimi.

Nimeifikiria saa ile mara nyingi kuliko saa ya harusi yangu. Niliishika bafta ile nikanusa karafuu maiti, nikasema moyoni, mtu ameogopa nondo. Nikatazama kingo zake, nikaona haikukatwa kwa mkasi, imepasuliwa kwa mkono, nyuzi zinaning'inia. Kwetu mtoto wa miaka saba anajua kwamba sanda haipigwi mkasi. Hupasuliwa kwa mkono, na panapohitajika kufungwa huchomolewa uzi katika nguo ile ile. Nilikuwa nimemwona mama yangu akifanya hivyo kwa bibi yangu. Vidole vyangu vilijua, lakini mimi nilikuwa nikimwonyesha Bi Mkubwa. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Nani huyu amepasua nguo ovyo namna hii?" Nikatoa mkasi, nikazisawazisha kingo, nikaikunja mara kadhaa, nikashona bitana kwa mishono midogo, mmoja ukikaribia mwenzake kama punje za mtama.

Bi Mkubwa alitoka ndani, alikokaa na uradi wake baada ya sala, mfarishi umekwisha fungwa. Akaupitisha shavuni upande wa viraka tu, kwa ile haraka, akasema, "Huu sasa ni mfarishi." Nilitaka kuruka kwa furaha. Mke wa mpiga rubugo akaupeleka Kanoni kesho yake.

Wiki tatu zilipita. Kisha Alhamisi moja tukamkuta Bi Mkubwa amekaa sakafuni mbele ya sanduku, kila kitu kimetolewa nje. Hakuwa akilia. Alikuwa akigusa kitu kimoja kimoja na kukirudisha, kisha anaanza upya.

"Sanda yangu haipo," akasema.

Nilijua papo hapo. Na badala ya kufungua mdomo, nikainama na kujifanya natafuta sindano mkekani. Wenzangu walianza kusema hili na lile. Mmoja akauliza ni nani huingia humo ndani. Mwingine akasema, kikulacho ki nguoni mwako. Halafu, bila mtu kutaja jina, macho yao yakamwendea mke wa mpiga rubugo, kwa sababu yeye hakuwa mwenzetu. Hakutukanwa, lakini alielewa vizuri. Akakunja kazi yake, akaiweka mbele ya Bi Mkubwa, akasema kwa neno la heshima la kwao, "Nguo yangu mimi ni ya mti, waitu. Yenu siijui." Akashuka bondeni na Alhamisi iliyofuata hakuja.

Wala mimi sikusema. Nakiri haya sasa nikiwa na mvi kichwa kizima, na bado uso unaniwaka. Alhamisi mbili nilikaa pale nikishona mishono yangu mizuri, na ile nafasi mkekani karibu na Bi Mkubwa iko tupu. Nyumbani sikuweza kula. Mume wangu akadhani nina mimba, akafurahi, na hilo nalo likawa aibu juu ya aibu.

Alhamisi ya tatu nilikwenda asubuhi, kabla ya wengine. Nikapiga magoti nikamweleza yote, mvua, kamba, kapu, bitana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Uliikata kwa mkasi?"

"Pembeni tu, Bi Mkubwa. Kuisawazisha."

"Kuisawazisha," akarudia. Akafunga sanduku. "Nenda kamwombe radhi yule uliyemtwisha mzigo wako. Kisha mwende naye Kanoni mkaniletee sanda yangu. Nguo nyingine mpeni yule mzazi, lakini ile ni ya kwangu na mume wangu."

Mke wa mpiga rubugo nilimkuta akipalilia migomba. Nilipomaliza kueleza alinitazama, jembe mkononi. Nilingoja anitukane, na ningeshukuru. Akasema tu, "Umechelewa kusema." Akaenda kunawa mikono, akanifuata.

Tulifika Kanoni jua limepita utosini, lakini jua lenyewe hatukuliona, maana manyunyu yalitusindikiza njia nzima. Nyumba ilikuwa msonge mdogo uliokaa katikati ya migomba, ndani yake nyasi zimetandikwa na moto ni wa moshi zaidi kuliko wa joto. Yule mzazi alikuwa msichana mdogo kuliko mimi. Akatukaribisha, akatuletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo. Nilitia moja mdomoni, ikanishinda, nikaificha shavuni kama tumbili. Mtoto alikuwa mapajani mwake, amevikwa mfarishi wetu hata pua haionekani.

Mke wa mpiga rubugo akaanza kusema naye Kinyambo, ile salamu yao ndefu ya kuulizana habari za nyumba na za ng'ombe. Hata hakuwa amefika kwenye habari yetu. Yule msichana akaniangalia mimi, akauangalia mfarishi, akaanza kumvua mtoto. Alimvua taratibu, akamlaza juu ya kipande cha rubugo kilichochakaa. Akaukunja mfarishi pande nne, akapiga magoti, akanipa kwa mikono miwili huku akisema maneno machache.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Anashukuru kwa siku alizopewa," akasema mke wa mpiga rubugo. "Anadhani zamu yake imekwisha. Anadhani yuko mtoto mwingine anayengoja."

Nilikuwa na nguo nyingine begani, kipande kizuri cha merikani kutoka dukani. Ningeweza kumpa hicho na kuondoka, na ndivyo nilivyotumwa. Lakini nilimtazama yule mtoto. Alikuwa mdogo kama kifaranga kilichoanguliwa jana, tumbo linamtetemeka kwa baridi, na hakulia. Laiti angelia. Mtoto ambaye hana nguvu hata ya kulia ni kitu cha kutisha sana. Nikaufungua mfarishi, nikamvika tena mwenyewe, upande wa bafta mwilini, nikamkaza vizuri. Kisha nikaweka sikio kifuani pake, nikasikiliza. Yule msichana hakuelewa nafanya nini, na mimi sikuweza kumweleza. Nikamwachia na ile merikani.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikitunga maneno. Nilipofika barazani yote yakayeyuka.

"Iko wapi?" akauliza Bi Mkubwa.

"Imevaliwa."

"Na nani?"

"Mtoto wa kiume. Hajatimiza miezi."

Akakitoa kikopo cha ugoro, lakini hakukifungua.

"Kifua chake?"

"Kizima, Bi Mkubwa."

"Umekisikiliza?"

"Nimekisikiliza."

"Basi usinisemeshe leo," akasema, akaingia ndani na kurudisha mlango.

Hakunisemesha siku ile wala siku nyingi baadaye, mpaka msimu wa senene. Lakini Alhamisi iliyofuata nilikuta nafasi yangu mkekani haijakaliwa na mtu, na upande wa pili wa Bi Mkubwa alikuwapo mke wa mpiga rubugo, ameletwa na Bi Mkubwa mwenyewe aliyeshuka bondeni kwa miguu yake kumwomba radhi. Nikakaa, nikashona, nikafurahi hata kununiwa.

Ndiyo miaka ninayoililia sasa. Baraza ile, harufu ya ugoro na ya kahawa, mvua inapiga nyasi za paa, wanawake wanatetana bila ubaya. Nilijifunza Kinyambo cha kuweza kucheka nacho. Nilipata watoto wangu watatu, na kila mmoja alilala katika mfarishi uliopita shavuni kwa Bi Mkubwa. Mume wangu alimpelekea bafta mpya ya sanda, kipande kizima, kwa aibu yangu mimi. Aliipokea na kushukuru. Baridi ilipokuja tukaikuta imekwisha kuwa bitana. Akampelekea nyingine, nayo ikaenda njia ile ile, na ya tatu pia. Nilipomlalamikia akaniambia sanduku lake limezoea kuwa tupu na nisimfundishe kazi.

Kisha vita vikaja. Njia ya Bukoba ikafungwa, na ya Tabora ikawa ya askari na wapagazi. Nguo zikatoweka kabisa. Rafu za duka letu zilibaki na chumvi kidogo, na watu waliokuwa wameanza kuringia kaniki wakarudi kwenye rubugo wakimshukuru Mungu kwamba mitoma, ile miti inayotoa gome lenyewe, haifungiwi njia. Alhamisi zetu ziliisha kwa kukosa cha kushona. Na katika miezi hiyo Bi Mkubwa akalala kitandani, asiamke.

Sote tulimwona anavyokwenda. Siku moja nilipokuwa nikimpa uji akauliza, "Bafta ipo dukani?"

"Ipo," nikasema.

Akanitazama kwa jicho lile lile la siku ya kwanza. "Mwongo wewe," akasema, akanywa uji wake.

Asubuhi yake, baada ya sala ya alfajiri, nilijitwika mfarishi wangu wa harusi, ule niliokuja nao kutoka Tabora, nikaenda Kanoni peke yangu. Yule msichana sasa alikuwa mama mtu mzima, ana mume mwingine na kibanja kilichonawiri. Mtoto wake alikuwa na miaka sita, mkorofi, magoti yana makovu, na usiku bado alilala na ule mfarishi, ingawa ulimfikia kiunoni tu. Safari hii nilieleza mwenyewe, kwa Kinyambo changu kibovu, sanda ni nini na ile bitana ilikuwa ya nani. Mama akafunika mdomo kwa mkono. Hakuwa amejua. Miaka sita mwanawe amelala katika nguo ya maiti, na mimi nilingoja aukanyage mfarishi ule au anifukuze.

"Basi ndiyo maana hakufa," akasema. "Kifo kilipokuja kilimkuta amekwisha kuvikwa."

Tukaketi wote wawili tukaifumua bitana. Ilitutesa, kwa sababu ya mishono yangu ile midogo ya majivuno. Bafta ilikuwa imekuwa ya manjano kwa maziwa na moshi, imetoboka hapa na pale, nyepesi kama utando wa kitunguu. Tuliifua mtoni mara tatu. Mtoto nilimpa mfarishi wangu wa harusi wenye maua yangu. Akaupitisha shavuni, akakunja uso, akasema unakwaruza. Nilicheka mpaka nikalia, na mama yake hakujua nina nini.

Nilirudi Bi Mkubwa akiwa bado na pumzi. Nilimtia bafta ile mkononi. Aliipapasa, akaiinua kwa shida, akaipitisha shavuni pake.

"Imekuwa laini," akasema. "Ilipokuwa mpya haikuwa hivi."

Nikamwambia mtoto ana miaka sita, anapanda miti, na amekataa maua yangu. Nadhani alitabasamu. Alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri.

Ile bafta haikutosha kumsitiri. Ilikuwa imepungua na kutoboka, na palipokuwa pazima ni kama dhiraa moja tu. Mke wa mpiga rubugo akaja na rubugo mpya, mpana, mwekundu kama udongo wa kule, uliopigwa na baba yake kule Nyakatuntu na ambao yeye alikuwa ameuweka kwa ajili yake mwenyewe. Akauliza kama utakataliwa. Mwalimu wa chuo cha Kurani akasema nguo yoyote safi na ya halali humsitiri maiti, na wakati ule hapakuwa na nyingine. Tukamwosha, tukamvika.

Lakini maiti hufungwa mahali patatu, kichwani, kiunoni na miguuni, na rubugo ni gome, hauna uzi wa kuchomoa. Wanawake wakatazamana. Nikaichukua ile bafta ya zamzam, nikaipasua kwa mkono toka kwenye ukingo niliousawazisha mimi, nikaanza kuchomoa nyuzi, mmoja mmoja, na mke wa mpiga rubugo akazisokota gotini mpaka zikawa kamba tatu. Ilichukua muda, na watu nje walikuwa wakingoja, lakini hakuna aliyetuharakisha. Mmoja wa wenzangu alitaka kunisaidia, akaniuliza mkasi wangu uko wapi. Nikamwambia nimeuacha nyumbani.